Kuchapa Kushoto

Kipande cha plaiwudi nimepewa na seremala wa Area C,
kimepinda kidogo, kama goti la mbuzi.
Patasi ni ubavu wa mwavuli niliounoa kwenye ngazi ya nyuma.
Wino wa kuazima. Karatasi kumi na mbili tu.
Na upepo wa Julai unagonga dirisha
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Nachonga uwanja wa nyuma ya zahanati, Mvumi,
mwaka ule mtama uliota hadi mlangoni.
Mstari mmoja wa kisigino, hatua kumi na nne, mstari wa pili.
Katikati chupa ya soda, na mimi nimechuchumaa,
najaza mchanga kwa viganja, naumwaga, naanza tena,
huku soksi iliyoshindiliwa matambara
ikinipita sikioni, vuu!
Huku Mbeleje. Kule Ndahani,
mvulana pekee tuliyemkubali kwenye rede,
kwa sababu alirusha kwa kushoto
na hakuna aliyejua mpira utatokea wapi.

Ukichonga, unapoondoa ndipo panapobaki peupe.
Basi nimeondoa anga. Nimeondoa ardhi yote.
Nimemwondoa mama aliyeniita mara tatu, ya tatu kwa jina zima.
Nimebakiza miguu, chupa,
na vivuli vifupi vya saa saba.

Nikapaka wino, nikalaza karatasi,
nikasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka bega likauma.
Nikaibandua taratibu kuanzia pembeni.
Kila kitu kilikuwepo.
Ila Ndahani alikuwa anarusha kwa mkono wa kulia.

Nilicheka kwanza. Ubao hugeuza, nani asiyejua?
Halafu nikaacha kucheka.
Darasa la pili, mwalimu Chilewa alikuwa na fimbo ya mkole,
na kila Ndahani aliposhika penseli kwa upande wake
alichapwa vidole vile vitano, si vingine,
akiambiwa mkono huo una kazi yake chooni.
Kuchapa. Neno ni hilohilo.
Alichapwa mpaka herufi zikahamia kulia,
na mimi, miaka thelathini baadaye, kwa kijiko cha uji,
nimemmalizia mwalimu kazi.

Nikampigia simu. Yuko Kibaigwa, kwenye mahindi.
"Ulikuwa unarusha kwa mkono upi?"
Kimya. Honi. Mtu anahesabu magunia.
"Wa kulia, Seche. Kwani kuna mwingine?"
Akaulizia bei ya zabibu, akakata.

Ubao wa pili, basi.
Mbeleje naye ilibidi nimgeuze, na zahanati,
na kovu la goti langu ambalo hakuna atakayeliona.
Kwenye ubao Ndahani anarusha kama alivyofundishwa,
kwenye karatasi kama alivyozaliwa,
hata kama mwenyewe anabisha.

Zimetoka chapa nane. Ya tisa wino ulikuwa haba,
mkono wake umekuwa wa kijivu,
kama unaosubiri ruhusa.
Hiyo nitabaki nayo.

Nimezianika uani kwa vibanio vya nguo,
kati ya shuka na kaptura za shule,
na upepo ukaruka ukuta na vumbi lake jekundu,
likanasa kwenye wino mbichi,
likanasa na kwenye weupe, palepale
nilipokuwa nimeiondoa ardhi.
Sikulifuta.

Mwanangu amesimama mbele ya ile ya kwanza, mikono nyuma.
Huyu wa katikati anafanya nini?
Anajaza chupa.
Ikijaa?
Anaimwaga.